Ramani ipi ya simu itakufikisha Msuka?

Shangazi yetu alifariki dunia kabla ya alfajiri, na maziko yakapangwa mara baada ya swala ya Adhuhuri. Ndivyo ilivyo desturi yetu, na ndivyo dini inavyotuhimiza: maiti hacheleweshwi. Ndugu yangu mdogo, ambaye shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa na umri wa miaka minne, alikuwa Dar es Salaam. Alipata ndege ya asubuhi hadi Chake Chake, akakodi gari, akaandika neno “Msuka” kwenye simu yake, akashika njia ya kaskazini. Alikuwa hajafika kijijini kwa miaka mingi. Hakutaka kuwapigia wafiwa na kuwauliza njia siku ya msiba, na aliamini kwamba simu yake inaijua.

Hadi Konde mambo yalikwenda vizuri. Baada ya hapo mtandao ukapotea. Mstari wa buluu aliokuwa akiufuata ulibaki kwenye kioo kwa muda, kisha kioo kikawa cheupe, na nukta yake ikawa inaelea pasipo barabara wala nyumba. Alipofika mahali mtandao uliporudi, simu ilimtangazia kwamba amefika. Alitazama huku na huku: mihogo, minazi, na njia ya miguu inayoteremka kuelekea kwenye mikoko. Programu ile ilikuwa imeliweka jina la Msuka mahali pamoja tu, kama kwamba Msuka ni nyumba. Nasi tunajua kuwa kuna shehia ya Msuka Mashariki na shehia ya Msuka Magharibi, na ndani ya kila moja kuna mitaa ambayo kila mmoja una jina lake.

Alizunguka kwa muda mrefu. Mwishowe akamkuta mzee akiongoza gari ya ng'ombe, akamsalimu kwa adabu.

“Waalaykumu salaam, mwanangu,” mzee alijibu. “Wewe ni mwana wa nani?”

Akamtaja baba yetu, kisha akamtaja shangazi. Mzee alinyamaza kidogo, akasema: “Umekuja na njia siyo. Rudi nyuma mpaka kwenye mbuyu, shika kulia. Lakini watu wanatoka mavani sasa hivi.”

Ndugu yangu aliswali swala ya maiti akiwa amesimama kaburini, kama madhehebu yetu ya Imamu Shafi yanavyomruhusu aliyechelewa. Mkono wake haukulishika jeneza la mwanamke aliyembeba mgongoni. Jambo hilo bado analisema kila tunapokutana.

Sikuisimulia habari hii ili kuilaumu programu ile, na jina lake sitalitaja. Nimeisimulia kwa sababu tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa na jamaa, hasa vijana wanaoishi nje ya kisiwa: katika programu zote hizi za ramani zinazoshindana, ipi ni bora? Nimezichunguza kwa muda, na ninayoyaandika hapa ni jibu langu kwa familia yoyote yenye mtu wa kumzuru, mgonjwa wa kumkimbiza au maiti wa kumzika mahali ambapo barabara ya lami imekwisha.

Setilaiti hazidai bando

Tuanze na jambo ambalo wengi hulichanganya. Simu ina kazi mbili tofauti katika kuongoza njia. Kazi ya kwanza ni kujua wewe uko wapi. Kazi ya pili ni kujua mahali hapo pana nini.

Kazi ya kwanza haihitaji mtandao wa simu wala bando. Simu hupokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti zinazoizunguka dunia. Mfumo unaojulikana zaidi ni GPS ya Marekani, ambao umeundwa kwa setilaiti zisizopungua 24 zilizo katika urefu wa takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi. Warusi wana mfumo wao wa GLONASS, Umoja wa Ulaya una Galileo, na China ina BeiDou uliokamilishwa mwaka 2020. Simu nyingi za leo husikiliza zaidi ya mfumo mmoja. Kila setilaiti hutuma saa yake kwa usahihi mkubwa, na simu inapozisikia angalau nne, hupiga hesabu ya muda ambao mawimbi yametumia njiani na kujua mahali ilipo. Hadi tarehe 1 Mei 2000 Marekani ilikuwa ikitia makosa ya makusudi katika mawimbi yanayotumiwa na raia. Makosa hayo yalipoondolewa, usahihi ukawa wa mita chache katika eneo lililo wazi. Chini ya miti mikubwa, kama katika msitu wa Ngezi, usahihi hupungua.

Kazi ya pili ndiyo inayohitaji ramani yenyewe: barabara, majina, misikiti, visima. Programu nyingi huivuta ramani hiyo kutoka kwenye mtandao kipande kwa kipande kadiri unavyosogea. Mtandao ukikatika, nukta yako inabaki lakini ramani chini yake inafutika. Ndicho kilichompata ndugu yangu. Simu yake haikupotea hata dakika moja. Ilijua wakati wote iko wapi. Kilichokosekana ni karatasi ya kuisomea.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kulinganisha programu za ramani, kwa mtu anayekwenda Msuka, Makangale, Kojani au kijiji chochote cha mbali, ni hiki: je, ramani yake unaweza kuishusha yote ukiwa bado mjini, na ukisha kuishusha inafanya kazi gani bila mtandao?

Washindani na tabia zao

Google Maps, iliyoanza mwaka 2005, ndiyo inayokuja na simu nyingi za Android, na wengi hudhani kuwa hakuna nyingine. Ina nguvu kubwa mijini. Inajua maduka, saa za kufunguliwa, na hali ya foleni, kwa kuwa inakusanya habari kutoka kwenye simu za watumiaji wake. Katika Dar es Salaam au Mombasa ni vigumu kuishinda. Inaruhusu kushusha eneo ili litumike bila mtandao, lakini kwa sharti ambalo wengi hawalijui: bila mtandao hutoa maelekezo ya gari tu. Maelekezo ya mtu anayekwenda kwa miguu hayapatikani. Eneo ulilolishusha nalo linataka kuhuishwa baada ya muda, vinginevyo linafutika. Kijijini, ambako robo ya mwisho ya safari ni njia ya miguu kati ya mikarafuu, upungufu huo si mdogo.

Kundi la pili ni programu zinazotumia ramani ya OpenStreetMap. Mradi huo ulianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na ramani yake huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote, mfano wa kamusi ambayo kila mtu anaweza kuongeza neno. Data yake ni huru, na kwa hiyo watengenezaji mbalimbali wameijengea programu zao. Organic Maps, iliyotolewa mwaka 2021, ni nyepesi, haina matangazo, haifuatilii mienendo ya mtumiaji, na imetengenezwa tangu mwanzo ili ifanye kazi bila mtandao, pamoja na maelekezo ya gari, ya baiskeli na ya miguu. OsmAnd, iliyoanza mwaka 2010, ina mambo mengi zaidi, lakini inahitaji uvumilivu kuizoea, na toleo lake la bure lina kikomo cha idadi ya ramani unazoweza kushusha. Udhaifu wa kundi hili ni mmoja, nao ni mkubwa: ramani yake ni nzuri pale tu ambapo kuna watu waliojitokeza kuichora. Penye wachoraji utaona hata kisima. Pasipo wachoraji utaona uwazi.

HERE WeGo nayo inafaa kutajwa. Asili yake ni ramani za Nokia, zile simu ambazo karibu kila nyumba ya Pemba iliwahi kuwa nayo. Mwaka 2015 Nokia iliiuza biashara hiyo kwa makampuni ya magari ya Ujerumani. Inaruhusu kushusha ramani ya nchi nzima, na nguvu yake ni barabara kuu.

Waze, iliyonunuliwa na Google mwaka 2013, ni ya madereva wa mjini. Inategemea taarifa za madereva wenyewe kuhusu ajali, mashimo na foleni, na inahitaji mtandao ili kupanga safari. Pasipo madereva wengi haina la kusema.

Wenye iPhone wana Apple Maps. Ilipotoka mwaka 2012 ilikuwa na makosa mengi kiasi kwamba mkuu wa kampuni, Tim Cook, aliomba radhi hadharani na kuwashauri wateja watumie programu za washindani wakati makosa yakirekebishwa. Imeboreshwa sana tangu hapo, na tangu mwaka 2023 inaruhusu kushusha ramani. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu lina funzo: ikiwa kampuni tajiri kiasi kile ilikosea mahali palipo na kila aina ya kumbukumbu, nasi tusishangae ikikosea Msuka, bali tujiandae.

Majaribio ya robo saa

Ndugu msomaji, usilichukue neno langu wala la mtu mwingine kuhusu programu ipi inakijua kijiji chako. Jaribu mwenyewe. Weka programu mbili au tatu kwenye simu, shusha ramani ya Pemba katika kila moja ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha zima data. Sasa tafuta mambo matano: msikiti wa mtaa wenu, skuli, kituo cha afya, mava, na diko la wavuvi. Hesabu kila programu imepata mangapi, na tazama kama majina yameandikwa kama yanavyotamkwa na wenyeji. Mwisho, iulize ikupe njia ya miguu kutoka barabarani hadi msikitini.

Majaribio haya yatakufundisha kuliko makala kumi. Utakuta programu moja inayajua majina lakini haina njia, na nyingine ina kila njia ya miguu lakini haina jina hata moja. Ndiyo maana mtu mwenye busara hubeba mbili: Google Maps kwa ajili ya mji na namba za simu za maduka, na moja ya kundi la OpenStreetMap kwa ajili ya kijiji na njia zisizo na mtandao. Zote mbili ni za bure, na nafasi zinazochukua ni ndogo kuliko video za harusi moja.

Nani aliyeliandika jina la kijiji chako?

Swali hili ndilo zito zaidi. Ramani haishuki kutoka mbinguni. Lazima awepo mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu.

Yaqut al-Hamawi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1229, alikusanya kamusi kubwa ya majina ya miji na nchi. Ndani yake imo Pemba, kwa jina la al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, pamoja na miji yake miwili ambayo wanahistoria wanaitambua kuwa ni Mtambwe na Mkumbuu. Majina hayo yalimfikia kwa njia ya vinywa vya mabaharia na wafanyabiashara. Kabla yake, mwaka 1154, al-Idrisi alikamilisha ramani yake ya dunia huko Sicily, ambayo kusini ilikuwa juu na kaskazini chini, na pwani yetu ya Zanj imo. Waislamu walikuwa watu wa ramani kwa sababu walikuwa watu wa safari, wa biashara na wa Hija.

Katika zama zetu mambo yameanza kurudi mikononi mwa wenyeji. Mtaa wa Kibera jijini Nairobi, wenye maelfu kwa maelfu ya wakazi, ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani za kompyuta hadi mwaka 2009, vijana wa hapo hapo walipofundishwa kutumia vifaa vya GPS na kuuchora wenyewe kwenye OpenStreetMap. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko, mifereji na nyumba. Hapa kwetu, mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Vijana wa Kizanzibari walifunzwa kuzirusha. Picha zilizopatikana ni safi kiasi cha kuonesha paa moja moja, na nyingi ziliwekwa wazi ili zitumike na wachora ramani.

Lakini picha ya angani haina majina. Ndege inaona paa. Haijui kama ni msikiti, skuli au nyumba ya mjane. Hata mgawanyo wa shehia hauonekani kutoka juu. Sehemu hiyo ya kazi haiwezi kufanywa na kampuni ya California wala na mtu wa kujitolea aliyeko Ujerumani. Inaweza kufanywa na kijana wa Msuka aliyekaa barazani na babu yake na kumuuliza: hapa paliitwaje, na pale?

Njia ni rahisi. Katika Google Maps kuna sehemu ya kuongeza mahali palipokosekana au kurekebisha jina. Kampuni huyapitia mapendekezo kabla ya kuyakubali. Katika OpenStreetMap unafungua akaunti na kuandika mwenyewe, na kuna programu ya Android iitwayo StreetComplete inayomuuliza mtumiaji maswali mepesi anapotembea: barabara hii ni ya lami au ya udongo? Jengo hili ni la nini? Jambo moja lizingatiwe: hairuhusiwi kunakili kutoka Google kwenda OpenStreetMap. Andika unachokijua kwa macho yako na kwa kuuliza wenyeji. Kuandika jina la uongo au kulihamisha kwa sababu ya ugomvi wa mitaa ni khiyana, kwani kuna mtu ambaye hujamwona atakayelifuata jina hilo usiku akiwa na mgonjwa garini.

Qibla ya Pemba

Simu nyingi za Waislamu zina programu nyingine ya mwelekeo, nayo ni ya qibla. Mara nyingi nimeona wageni wakibishana, kila mmoja na simu yake, na mishale yao haielekei upande mmoja. Sababu ni kwamba programu nyingi za qibla hutumia dira ya sumaku iliyomo ndani ya simu, na dira hiyo huvurugwa na kasha la simu lenye sumaku, na nondo za ukuta, na gari, hata na spika. Isitoshe, kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli hutofautiana kwa digrii kadhaa kulingana na mahali ulipo.

Mtu wa Pemba ana bahati ambayo wachache duniani wanayo. Al-Kaaba iko kwenye longitudo ya digrii 39.8 mashariki. Msuka iko kwenye longitudo ya takriban digrii 39.7 mashariki. Maana yake, ukisimama Msuka, Makka iko kaskazini yako karibu sawasawa, umbali wa takriban kilomita 2,900. Huhitaji hesabu. Ukiijua kaskazini ya kweli, umeijua qibla. Kwenye programu yoyote ya ramani, ielekeze ramani ili kaskazini iwe juu, tafuta ukuta au barabara unayoiona kwa macho, na ulinganishe. Ukuta hauvurugwi na sumaku.

Ukitaka kuihakikisha bila simu kabisa, jua litakusaidia. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tarehe 15 au 16 Julai, jua husimama juu kabisa ya al-Kaaba. Kwa saa zetu, ambazo ni sawa na saa za Makka, ni saa 6:18 mchana mwezi Mei na saa 6:27 mchana mwezi Julai. Simika mti ulionyooka dakika hiyo: kivuli chake kinaelekea upande ulio kinyume na qibla. Yeyote anayejenga msikiti au kuzika maiti anaweza kuisahihisha programu yake kwa kivuli hicho.

Wazee wetu waliyajua mambo haya. Katika magofu ya msikiti wa kale wa Msuka Mjini, ndani ya mihrabu, imekwaruzwa tarehe ya mwaka 816 Hijria, ambao ni sawa na mwaka 1413 au 1414 Miladia. Qur'ani Tukufu, katika Surat An-Nahl aya ya 16, imezitaja nyota kuwa ni njia ya watu kujiongoza. Setilaiti ni nyota zilizotengenezwa na mikono ya watu. Kuzitumia si ubaya, lakini kuzisahau zile za mwanzo ni hasara.

Sitara ya nyumba

Kipimo cha mwisho ni kile kinachochukuliwa kutoka kwako. Programu ya bure mara nyingi hulipwa kwa habari zako: ulikokwenda, saa ngapi, ulikaa muda gani. Google Maps ina kumbukumbu ya safari za mtumiaji, na inaweza kuzimwa au kufutwa katika mipangilio. Tazama mipangilio hiyo leo kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani kwako, hasa ya watoto. Organic Maps, kama nilivyosema, haikusanyi safari za mtu.

Kuna pia adabu ya kile tunachokiandika kwenye ramani ya watu wote. Dini imetufundisha kutoingia nyumba za watu bila ya kuomba idhini, na hukumu hiyo imo katika Surat An-Nur. Basi yaandikwe maeneo ya umma: msikiti, madrasa, skuli, zahanati, kisima, mava, soko. Nyumba ya mtu binafsi isiwekwe jina la mwenyewe wala picha bila idhini yake. Anayehitaji kufika kwako mtumie mahali ulipo yeye peke yake, kwa WhatsApp, na usiubandike ulimwenguni.

Kabla ya kutoka nyumbani

Kwa familia zinazosafiri kwenda Pemba, hasa kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au Ulaya, yafanyeni haya. Shusheni ramani mkiwa bado na Wi-Fi. Mwombeni mwenyeji atume alama ya mahali akiwa amesimama mlangoni kwake, si akiwa sokoni. Alama hiyo ihifadhiwe ndani ya programu isiyohitaji mtandao. Mkiandikiana namba za latitudo na longitudo, msisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo. Msuka iko takriban digrii 5 kusini mwa ikweta. Ukiiondoa alama hiyo, simu itakupeleka digrii 5 kaskazini, yaani kusini mwa Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa mwenyeji wako. Chukueni chaja ya gari, kwani kuongozwa njia humaliza betri haraka. Wakati wa masika ongezeni muda juu ya ule unaotajwa na programu, kwa sababu haijui matope wala gari ya ng'ombe iliyo mbele yenu.

Na andikeni kwenye karatasi majina matatu: la sheha, la msikiti, na la mzee wa ukoo. Betri ya karatasi haiishi.

Basi ipi ni bora? Jibu langu ni kwamba programu bora ni ile ambayo umeishusha kabla ya safari na ambayo mtu wa kijiji hicho ameshaandika jina ndani yake. Likikosekana la kwanza, kosa ni la msafiri. Likikosekana la pili, kosa ni letu sote wenye asili ya mahali hapo, tunaolalamika kwamba dunia haitujui ilhali hatujaiambia.

Siku ya khitma, ndugu yangu alimtafuta yule mzee wa gari ya ng'ombe. Walikaa barazani baada ya Alasiri, mzee akitaja, yeye akiandika kwenye simu. Msikiti. Skuli. Kisima cha zamani. Njia ya kutoka kwenye mbuyu. Walipofika kwenye mava, mzee alimshika mkono.

“Hapo paandike vizuri, mwanangu,” alisema. “Wapo wenzio watakaokuja mbio kama wewe.”

Wabillahi tawfiq.